Paneli za makumbi ya nazi: mwangwi umepungua, mvumo umebaki palepale. Nimekosea wapi?

Msimulizi (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naleta kilio changu hapa kwa sababu nyumbani wamechoka kukisikia.

Jioni huwa nasoma hadithi kwa sauti na kuzirekodi kwa ajili ya watu wasioona. Studio sina. Nina chumba alichokiacha binti yangu alipoolewa: urefu mita 4, upana mita 3.2, dari mita 2.8, kuta za plasta, sakafu ya vigae, dirisha moja. Ukipiga kofi moja mle ndani unajibiwa mfululizo, kama mtu anayechanga karata. Msikilizaji mmoja aliniandikia kwa adabu sana akauliza kama huwa nasomea kisimani.

Nikaamua kutengeneza paneli za kufyonza sauti. Pamba ya kioo sikuitaka. Niliwahi kuishika siku moja nikajikuna hadi asubuhi. Nikachagua nyuzi za makumbi ya nazi. Nimezichambua kwa mkono, nikaziosha mara tatu mpaka maji yakaacha kuwa ya kahawia, nikazianika, nikazipanga ndani ya fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, nikanyunyizia gundi nyeupe iliyozimuliwa, kisha juu nikaweka ubao na matofali manane. Ikifika asubuhi natoa paneli ya unene wa sentimita 2.5, ngumu, ukiigonga inalia ko-ko. Ugumu huo niliusifu mwenyewe. Sasa naanza kuushuku.

Zipo kumi. Tano nimezipaka rangi nyeupe, mikono miwili, baada ya mke wangu kusema ukuta umekuwa kama wa zizi. Zote nimezigandisha ukutani moja kwa moja kwa gundi.

Nimepima kwa kupasua puto na kurekodi, halafu programu ya kompyuta ikanichorea jinsi sauti inavyofifia. Kwenye 4000 Hz (yaani mitetemo 4000 kwa sekunde, sauti nyembamba; namba ikishuka sauti inakuwa nzito), kabla ya paneli ilichukua sekunde 1.1 kufa, sasa 0.6. Kwenye 1000 Hz ilikuwa 1.5, sasa 1.1. Kwenye 125 Hz ilikuwa 1.4 na sasa ni 1.4. Sijakosea kuandika.

Yale makofi ya karata yamekwisha, nashukuru. Lakini kila nikifika mwisho wa sentensi, sauti inaposhuka, chumba kizima kinaguna pamoja nami. Sasa nasikika kama mtu aliyefunikwa pipa. Nibadilishe nyuzi, niende kwenye katani au sufi? Au niendelee na hizihizi mpaka nijaze kuta zote? Vidole vyangu vinaomba jibu liwe hapana.

pasi_ndefu

Mkuu unajitesa. Bandika trei za mayai, maliza kazi. Studio zote za zamani walikuwa wanaweka hizo.

Mwalimu_Mstaafu

Trei ya mayai ni karatasi nyembamba yenye mabonde. Inagusa kidogo sauti za kati na nyembamba, basi. Msimulizi tayari anazo paneli zinazofanya vizuri kuliko hapo. Tuendelee.

Kwanza pongezi kwa kupima. Wengi huja hapa na neno "inavuma" pekee, sisi tunaanza kupiga ramli. Wewe umeleta namba, na namba zako zinajibu karibu kila kitu.

Chumba chako kina ujazo wa mita 36 za ujazo, nimezungusha kidogo. Kanuni ya Sabine inasema muda wa sauti kushuka desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni 0.161 mara ujazo, gawa kwa jumla ya ufyonzaji wa chumba. Kwako 0.161 mara 36 ni 5.8. Ukigawa 5.8 kwa sekunde 1.5 unapata 3.9, ukigawa kwa 1.1 unapata 5.3. Kwa hiyo kwenye 1000 Hz paneli zako zote kumi zimeongeza 1.4 tu, na zina eneo la mita za mraba 7.2. Gawa tena: 0.2. Yaani katika kila sauti inayozigonga, zinakula sehemu moja ya tano na kurudisha nne. Fanya vivyo hivyo kwa 4000 Hz utapata 0.6. Kwa 125 Hz ni sifuri, masikio yako yameshakuambia.

(Huyu Sabine alikuwa mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara uliokuwa unashikilia sauti kwa takriban sekunde 5 na nusu. Mwalimu akitamka neno, linamkuta keshatamka mengine kumi. Akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, kunapokuwa kimya, anaipanga kidogo kidogo, anapuliza bomba la kinanda na kuhesabu sekunde kwa saa hadi sauti ipotee masikioni. Kanuni tunayotumia leo imetoka kwenye mito ile. Wewe na puto lako mko kwenye ukoo uleule.)

Sasa kwa nini. Nyuzi hazili sauti kwa kuwa laini. Sauti ni hewa inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Ikipita katikati ya nyuzi inasuguana nazo, na msuguano huo unaigeuza kuwa joto, joto dogo hata kipimajoto hakilioni. Kwa hiyo uzi unahitaji hewa inayotembea. Ukutani kabisa hewa haitembei, imebanwa na ukuta. Inatembea kwa kasi zaidi mbali na ukuta, kwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Kwa 4000 Hz robo hiyo ni kama sentimita 2. Kwa 1000 Hz ni sentimita 8.6. Kwa 125 Hz ni sentimita 69.

Paneli yako ina sentimita 2.5, imelala ukutani. Umeona ilivyoishia? Imewafikia wale wa 4000, imewagusa kwa ncha wale wa 1000, na wale wa chini wanaipita kama haipo. Ukijaza kuta zote kwa unene huohuo utaua sauti nyembamba kabisa na kubaki na nzito peke yake. Pipa litakuwa pipa zaidi.

Usiongeze eneo. Ongeza kina.

FundiGodoro

Mwalimu kamaliza upande wa hesabu, nami niseme upande wa nyuzi. Miaka 31 najaza magodoro na viti.

Uzi wa kumbi ni mnene. Kuanzia sehemu moja ya kumi ya milimita mpaka nne ya kumi. Sisi tunaupenda kwa sababu unabeba mtu na unapitisha hewa, godoro halinuki jasho. Kinachofaa kwenye godoro ndicho kinachokuponza ukutani: hewa inapita mno, kama mlango ulioachwa wazi. Pamba na sufi nyuzi zake ni nyembamba, mara tano mpaka mara ishirini kuliko hizo. Kwenye kiganja kimoja cha sufi una nyuzi nyingi sana za kusugua hewa. Na ule wa sufi ni mrija, ndani mtupu.

Halafu gundi. Ulipoweka matofali manane, gundi iliyokuwa imezishika nyuzi ikasambaa ikafanya utando katikati yao. Paneli inayolia ko-ko imeshakuwa ubao. Ya kufaa ukiigonga hailii, inasema "fu".

Na rangi! Mikono miwili! Baba, umeziba mlango ukamlaumu mgeni kwa kutoingia. Chukua zile ulizopaka, weka mdomo, puliza. Kisha puliza zile ambazo hukupaka. Utanielewa bila kuandika zaidi.

Usizikwangue lakini, utaziharibu. Zigeuze tu, uso wa rangi uelekee ukutani.

Kuhusu katani: uzi wake nao ni mnene, unakaribiana na wa makumbi. Utabadilisha jina tu. Mimi ningechukua zako tano zisizo na rangi ziwe uso wa mbele, maana zinasimama zenyewe, nyuma yake nikaweka mto wa sufi wa sentimita 5 ndani ya kitambaa chepesi. Mto huo ushone mistari kila baada ya kiganja, kama koti la baridi. Usiposhona, baada ya miezi michache sufi yote itakuwa imeteremka chini na juu umebaki na mfuko mtupu. Wala usiishindilie. Ijaze mpaka iseme imetosha, basi.

Jambo la mwisho si la mzaha. Sufi kavu inashika moto kwa cheche moja. Isikae karibu na taa inayopata joto, soketi wala waya uliochubuka. Kuna wanaoloweka nyuzi kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki kisha wanakausha, inasaidia kwa moto na pia kwa kuvu na wadudu. Kwa makumbi na pamba inafaa, sufi ina nta haipendi maji, itakusumbua. Vaa glavu, na dawa hiyo isifike mikononi mwa watoto wala wajawazito. Ukimaliza chukua kipande kidogo, nenda nje, kichome. Kikiendelea kuwaka baada ya kuondoa kiberiti, hujamaliza.

nyumba_ya_kati

Samahani kudandia mada. Jirani yangu anajifunza tarumbeta. Nikiweka paneli kama hizo upande wa ukuta wake, nitapona?

Mwalimu_Mstaafu

Hutapona. Paneli inafyonza sauti iliyo ndani ya chumba isizunguke. Haiizuii kuvuka ukuta. Hewa inayopita kwenye nyuzi inapita na tarumbeta lake. Kuzuia kunataka uzito na kuziba nyufa, na hata ukiuongeza ukuta uzito mara mbili unapata kama desibeli 6 tu. Jaribu kwanza chini ya mlango na pembeni mwa dirisha. Ingawa njia rahisi ni kumwekea yeye paneli chumbani kwake: chumba kisipomrudishia sauti, kelele inayokufikia nayo itapungua kidogo.

Msimulizi

Nimepuliza. Zile zisizo na rangi, pumzi inapita kama napulizia wavu. Zile nyeupe ni sawa na kupuliza sahani. Mke wangu alinikuta nimekumbatia ukuta, mdomo wazi, akarudi jikoni bila kuuliza.

Fundi, nimekubali kila neno. Mzee Mwalimu, nina swali moja. Ukisema robo ya wimbi kwa 125 Hz ni sentimita 69, maana yake nijenge ukuta wa sufi wa sentimita 69? Nitabaki nasomea koridoni. Na mbona guno hilo linakuja mwisho wa sentensi tu? Katikati ya sentensi sauti yangu iko sawa.

Mwalimu_Mstaafu

Hapo ndipo nilitaka ufike.

Huhitaji kuijaza robo yote. Ukiacha pengo la hewa nyuma ya paneli, nyuzi zinasogea kutoka ukutani kwenda kule hewa inakotembea, na hewa yenyewe hailipiwi. Uso wa makumbi sentimita 2.5, sufi 5, pengo 5: jumla 12 na nusu. Hiyo inatosha vizuri kwa 1000 Hz na inashuka hadi mia kadhaa za chini. Chini ya hapo inafanya kidogo, tusidanganyane. Pengo lina faida ya pili: hewa ikipita nyuma, unyevu haukai na kuvu haina pa kuanzia. Vizuri kwamba uliosha makumbi mara tatu. Yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi yasipooshwa huvuta unyevu daima.

Sasa lile guno. Fanya jaribio hili. Chukua spika ya kawaida, si ya simu, maana ya simu haifiki chini. Cheza mlio mmoja, anza 80 Hz, panda polepole hadi 200, wewe umekaa kwenye kiti chako cha kusomea. Niambie unavimba wapi. Na niambie kiti kiko wapi, kwa kipimo, usiniambie "karibu na dirisha".

Msimulizi

Unavimba kuanzia kama 105 hadi 109, kilele nadhani ni 107. Pale glasi iliyokuwa mezani ilianza kuimba. Kiti kiko katikati kabisa ya upana, mita 1.6 kila upande. Nilipima kwa makusudi, nikidhani katikati ndiyo haki.

Mwalimu_Mstaafu

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi joto 20. Gawa kwa 107: mita 3.2. Upana wa chumba chako ni ngapi?

Wimbi zima linaingia kati ya kuta zako mbili kama kisu kwenye ala yake. Likishaingia linasimama, halitembei tena: kuna mahali mgandamizo wake ni mkubwa daima na mahali ni mdogo daima. Mkubwa ni kwenye kuta zote mbili na katikati kabisa. Mdogo ni robo ya upana kutoka kila ukuta, yaani sentimita 80. Wewe umeweka kinywa chako na maikrofoni yako juu ya kilele. Na sauti ya mwanamume wa kawaida ikishuka mwisho wa sentensi inatua mahali gani? Mia na kitu. Katikati ya sentensi iko juu zaidi, chumba hakina habari nayo.

Kabla hujashona hata mto mmoja, sogeza kiti na maikrofoni hadi sentimita 80 kutoka ukuta wa kushoto au wa kulia. Ukuta utakaokuwa karibu nawe ndio uupe paneli nene za kwanza, maana sauti yako itaugonga mapema na kurudi ikiwa bado na nguvu.

FundiGodoro

Mwalimu, miaka yote hii nilidhani waliokuwa wananitumia kutengeneza viti vya kurekodia walikuwa wanachagua kona kwa mapenzi yao.

Msimulizi

Wiki tatu baadaye, nimerudi kutoa ripoti.

Kiti kwanza. Nilikisogeza usiku uleule, nikasoma ukurasa mmoja pale katikati na uleule pale sentimita 80. Guno lile halijaisha, lakini limekuwa la mtu aliye chumba cha pili. Miezi miwili nachambua makumbi, kumbe theluthi ya dawa ilikuwa kusukuma kiti. Sijui nicheke au nilie, nimefanya vyote.

Kuzibandua paneli hakukwenda vizuri. Gundi niliyotumia ilikuwa bora kuliko plasta yangu. Mbili zimetoka na vipande vya ukuta vya ukubwa wa kiganja, na moja imevunjika kona. Atakayesoma haya siku za mbele: skrubu na vipande vya mbao, si gundi. Vipande hivyo vya mbao ndivyo vinavyokupa na lile pengo.

Tano zisizo na rangi sasa zina mto wa sufi nyuma, nimeshona mistari kama Fundi alivyosema. Kushona nilikuwa sijui. Mke wangu kanionyesha mstari wa kwanza, kisha akaninyang'anya sindano akamaliza mwenyewe kwa sababu hakuweza kuvumilia. Tatu ziko ukuta wa karibu yangu, mbili ukuta wa mgongoni, zote zina pengo la sentimita 5. Mbele nimefunika kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa uwazi. Nimekipuliza kwanza. Rangi yake mke wangu ndiye kachagua, habari ya zizi imekwisha. Zile tano nyeupe nimezigeuza, zimekaa ukuta wa mbele na pembeni ya dirisha. Umeme wa soketi ya ukuta ule nimeuzima kabisa, natumia waya mrefu kutoka koridoni.

Puto limesema hivi: 4000 Hz sekunde 0.5. 1000 Hz sekunde 0.75, kutoka 1.1. 125 Hz sekunde 1.2, kutoka 1.4. Nimefanya hesabu ya Mzee mwenyewe kwa 1000 Hz: 5.8 gawa kwa 0.75 ni 7.7, toa 3.9, inabaki 3.8. Eneo ni lilelile la mita 7.2, lakini ufyonzaji umepanda kutoka 1.4 hadi 3.8. Na nusu ya paneli hizo ni zile za zamani zilizogeuzwa tu.

Kasoro iliyobaki ni moja. Nikisoma kwa nguvu, mahali penye ugomvi katika hadithi, kuna mlio mfupi wa juu unaonirudia, tii, kama sarafu iliyoanguka. Haukuwepo pale katikati, au ulikuwepo na guno likaufunika.

Mwalimu_Mstaafu

Piga kofi ukiwa umekaa, kisha lipige tena umeshikilia mto mkubwa wa kitanda juu ya kichwa chako. Mlio ukipotea, ni dari na vigae vinatupiana mpira. Weka zulia chini ya kiti, na paneli mbili zilizogeuzwa zihamie darini juu yako, ziache pengo la sentimita 10. Huko juu uwe na skrubu na waya wa akiba, hakuna mjadala.

Msimulizi

Umepotea. Naenda kuazima ngazi.